Chaja Ninayo Mimi, Drili Iko Wapi

Mtani wangu Sikudhani,

Drili yangu ya betri ilipotea Jumamosi ya kuanua matanga ya mama, mwezi wa sita, baada ya chakula cha mchana na kabla watu hawajaanza kukunja majamvi. Ilikwenda na betri yake ndani na biti namba kumi, ile ncha ndefu ya kutobolea, mdomoni. Kisanduku kilibaki. Biti nyingine zote zilibaki. Chaja ilibaki kwenye soketi, taa ya kijani inawaka, haina cha kuchaji. Kesho yake wewe ukapanda treni.

Sijasema umeiba. Sijasema hujaiba. Nimepanga tu mambo yalivyofuatana, anayejua kujumlisha atajumlisha.

Naandika hapa kwenye kundi la majirani wa Cheyo, ambalo bado hujajitoa, jina lako naliona, kwa sababu mambo ya watani hayana faragha. Na walioingia baada yako wajue kwanza tunaongea nini. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Wewe ni Mzaramo wa Kisarawe. Babu zangu walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, na njia ilipita kwenu. Tangu hapo watu wetu ni watani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anakuja kwenye msiba wako, anafanya vituko, anamwigiza marehemu, anabeba kitu chako na wewe unakikomboa kwa kumpa anachotaka, mnacheka, yanaisha. Mama alikuwa akisema utani huu haukuanza na vichekesho, ulianza na makaburi. Mpagazi akifia njiani, wenzake wana mizigo na msafara hausubiri. Anayebaki kumzika ni mwenyeji wa pale. "Mtu aliyemzika ndugu yako ninyi mkiwa mmeshakwenda," alisema mama, "huyo hata akikutukana utamfanya nini?"

Kwa hiyo ninachokuuliza si kitu kidogo. Drili ikibebwa na mtani ni jambo moja. Ikibebwa na mpangaji anayehama ni jambo jingine. Na siku ile ulikuwa vyote viwili.

Ulikuja kwangu na cherehani moja na mabunda ya vitambaa vya mapazia, ukapanga chumba cha uani. Nilikushuku tangu siku ya kwanza kwa sababu hukulalamikia kitu. Mlango ulikuwa unakwaruza sakafu, hukusema. Bomba la maji lilikuwa linatoka matone, hukusema. Mpangaji asiyelalamika ana lake jambo. Nyumba hii nimeijenga kwa asali, chumba baada ya chumba, nikianza na ndoo moja niliyouza kwa kikombe pale nje ya soko, na sikuijenga kwa kuamini watu. Nikakufuata nikakuuliza mlango vipi. Ukasema, "Mtani, mlango unaopiga kelele ni mlinzi, nimlalamikie wa nini?" Nilicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunipata.

Drili ilikuja kwa sababu ya mafundi. Wateja wako walikuwa wanataka uwashonee pazia na uwatundikie. Mimi nilikuwa nataka shelfu la asali. Ndoo ya lita ishirini ya maji ni kilo ishirini; ya asali ni kilo ishirini na nane, na kila fundi niliyemwambia hivyo alisema "sawa, mama, kesho," akapima ukuta kwa macho, akaondoka na kesho yake. Siku moja ulirudi kutoka kwa mteja umebeba bomba la pazia lililokataliwa begani kama bunduki, ukasema, "Hawa mafundi wanaume wameumbwa na hiki kidude au wamekinunua?" Nikasema wamekinunua. "Basi na sisi tuna miguu ya kwenda dukani."

Drili nilinunua mimi, ya volti kumi na mbili. Biti ulinunua wewe, seti nzima, kwa sababu ulisema mtu haingii kwenye shughuli mikono mitupu. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Nikajiuliza, siku tukiachana, nani atakuwa na drili isiyo na biti, na nani atakuwa na biti zisizo na drili? Sikujua kwamba mimi ndiye nitakayebaki na biti zako, na wewe, labda, na drili yangu.

Mama alikuwa ameshaanza kuugua miguu, siku nzima anakaa mlangoni pa chumba chake. Alipoiona akasema, "Kumbe mmenunua keekee." Hukulijua neno hilo. Akakueleza maseremala wa utoto wake walivyokuwa wakitoboa mbao, chuma chenye ncha, upinde na kamba, unavuta unarudisha, unavuta unarudisha. Akaigeuza drili mkononi. "Hii ya kwenu, kamba yake iko wapi?"

"Imo ndani, mama. Imekunjwa," ukamwambia.

"Basi msiichokoze."

Siku ya kwanza tuliusukuma ukuta wa stoo tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, tukapata alama ya ukubwa wa punje ya mtama na harufu ya kuungua. Biti ikawa nyeusi. Ulisukuma wewe, nikasukuma mimi, ukanisukuma mgongoni huku nasukuma. "Wapagazi mnajua kubeba tu," ukasema, "kusukuma hamjui." Nikakujibu kwamba ninyi mmezoea nazi, ambayo inaanguka yenyewe. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: tumeuziwa feki. Nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo sokoni na maneno yote nimeyapanga, la kwanza mpaka la mwisho. Muuzaji akaipokea, akaitazama, akabonyeza kile kitufe kilicho juu ya kifyatulio, kikahama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Akaniuliza taratibu, "Mama, mlikuwa mnafungua skrubu gani?"

Tulikuwa tunaizungusha kinyume. Siku nzima tumetoboa ukuta kwa kurudi nyuma. Maneno yangu yote nikayarudisha nyumbani kwenye kanga pamoja na drili. Nilipokwambia ulikaa chini kwenye vumbi ukashika mbavu. Na tangu siku hiyo nikawa sitoki getini salama. Niende kanisani, niende kupokea asali, lazima kichwa chako kitokeze dirishani: "Mtani, unakwenda au unarudi?"

Baada ya hapo tukawa na adabu. Tulijifunza ile pete yenye namba nyuma ya mdomo wa drili: namba ndogo kwa mbao laini, isije skrubu ikazama na kuharibu, namba kubwa kwa mninga. Tulijifunza kuanza na tundu dogo ndipo kubwa. Tulijifunza kwamba biti ya kutobolea chuma ukiipeleka ukutani inakuwa butu kama kidole, na kwamba vile vijiti vya plastiki vinavyotangulia ukutani kabla ya skrubu vinataka tundu la kipimo chao hasa. Likizidi milimita moja tu, vinazunguka humo humo na skrubu inashika hewa. Ulikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu. Mimi nilikuwa na jicho la pima maji. Wewe ulitoboa, mimi nilipima, na katika nyumba tulizotundika mapazia hapa Cheyo hakuna bomba hata moja lililolala upande. Nimepita kuzikagua mwezi uliopita. Ndiyo, nimekagua. Nilitaka kujua kama kuna ulipopita peke yako.

Sasa lile tundu.

Mnajua, majirani, asali ya kwanza nailaza chumbani kwangu, stoo siiamini. Nilitaka shelfu fupi, sentimita sitini kutoka sakafuni, kwenye ukuta unaotenganisha chumba changu na cha mama. Ukuta ule ni wa zamani kuliko yote, wa tofali mbichi za udongo, nikaupaka saruji juu ili ufanane na wenzake. Wewe uliugonga kwa kidole ukasikia saruji, ukageuza pete mpaka kwenye picha ya nyundo, ambayo ni ya zege. Mimi nilikuwa nimeshika pima maji, natazama kiputo. Nilikuwa nimefunga utepe mwekundu kwenye biti namba kumi kuonyesha tuishie wapi: sentimita sita. Saruji ikabisha kidogo. Kisha udongo ukaachia kama ugali, utepe ukapotea ndani, drili ikazama mpaka mdomo wake ukagonga plasta.

Sauti ya mama ikatoka upande wa pili, bila haraka yoyote.

"Kabula. Keekee yenu imefika huku. Niiambie nini?"

Ulichomoa biti, vumbi likamwagika, na nyuma ya vumbi ukaja mwanga, na kwenye mwanga jicho.

"Nani huyo?" akauliza mama.

"Mimi, mama. Mzaramo."

"Ndiyo maana. Mmetoka pwani mkija, mkija, sasa mmeingia chumbani kwangu."

Jioni ile nilichanganya saruji ya kuziba. Mama akakataa. Akasema pana hewa nzuri. Nikamwambia tundu la milimita kumi halipitishi hewa ya kumtosha hata panya. "Basi ni hewa ya kunitosha mimi," akasema. Shelfu tukalipeleka ukuta wa nje, wa tofali za kuchoma, skrubu nane. Linabeba ndoo nne, kilo mia moja na kumi na mbili, kilo kumi na nne kwa kila skrubu, na halijashuka hata upana wa unywele.

Kisha miguu ikamkatalia kabisa, akalala, na kitanda chake kikawa sawasawa na tundu. Kila asubuhi kabla sijavaa nikawa nasikia salamu yetu ya asubuhi: "Mwangaluka." Naitikia mwangaluka, tunaanza siku. Akitaka maji ananiita humo. Akitaka kujua nani kabisha hodi ananiuliza humo. Nawe ukahamishia kushona kwako chumbani kwangu, mgongo ukutani, sikio karibu na tundu, mkanyago wa cherehani unapanda na kushuka.

"Shikamoo, mama. Mzigo umeufikisha wapi leo?"

"Marahaba. Nimeutua njiani nicheze mdundiko wenu kwanza."

Kuna nyakati nilikuwa naingia mnanyamaza. Sijasahau. Nilikuwa nauliza mnaongea nini, wewe unasema "mambo ya mapazia," na ukutani kimya. Mambo gani ya mapazia anayoyajua mama, ambaye alitundika kanga dirishani maisha yake yote? Kama alikuahidi drili yangu, sema. Alikuwa na tabia ya kugawa vitu vya watu. Sufuria yangu kubwa aliigawa nikiwa nimesimama hapo hapo.

Alipofariki, kaka yangu Shija alikuja kutoka Nzega na vipande viwili vya mninga vya msalaba, vimekatwa vizuri. Fundi wa kuviunganisha hakutokea, sisi tulishazoea. Ukavichukua. Uliniambia nishike, nikashika. Ulianza na biti namba tatu, kwa sababu mninga ukiuharakisha unapasuka, kisha skrubu mbili ukaziingizia nyuma zisionekane mbele. Wewe, na ushungi wako kichwani, ukiwa umepiga magoti, unaunganisha msalaba wa Mkatoliki. Baba mmoja wa jumuiya akakohoa kama anayetaka kusema neno. Hukuinua hata kichwa.

"Baba, kuwazika Wanyamwezi ni kazi yetu tangu zamani."

Mimi ndiyo nililia hapo. Kaburini sikulia, ila pale, nikiwa nimeshika mninga na wewe unasema maneno ya mama bila kujua ni maneno ya mama. Au ulijua. Labda na hilo alikupa ukutani.

Jumamosi ya kuanua matanga ulijifunga kanga ya mama, ukachukua fimbo yake, ukapita katikati ya majamvi ukivuta miguu kama alivyokuwa akivuta, ukimkemea kila mtu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi nilicheka, hilo walioshuhudia watasema. Kisha ukapotea. Nikaingia chumbani kwangu kuchukua sahani. Nikasikia ukutani:

"Kabula. Mwangaluka."

Haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yake. Hata ile pumzi ya kabla ya neno.

"Keekee yangu iko wapi?"

Wanawake walionifuata mlangoni walikuwa wanacheka. Najua desturi: mtani akimwigiza marehemu, mfiwa anatoa chochote, hata kuku, na anacheka huku anatoa. Sikutoa kitu na sikucheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye tangi la maji, nimeshika koki. Niliporudi, kwenye shelfu kisanduku cha drili kilikuwa na biti tu.

Maneno yako yale nayapima kama ninavyopima asali ya mtu nisiyemjua, naigeuzageuza kwenye mwanga nione kama kuna maji. "Keekee yangu iko wapi." Mtani anayechukua hutangaza, ndiyo sheria, asiyetangaza ni mwizi kama wezi wengine. Je, kule ndiko kulikuwa kutangaza? Kwa sauti ya marehemu, kupitia ukutani? Hata ningetaka kukushtaki kwa wazee, ningeanzia wapi? Ningesema shahidi wangu ni tundu.

Na kesho yake, stesheni. Ulikuwa unarudi Kisarawe kumtunza baba yako, uliniambia mapema, hilo silitilii shaka, tiketi niliiona. Mizigo yako ilikuwa cherehani, mabunda, na begi moja la bluu. Ukabeba mabunda. Ukaniachia begi. Nikalitupia begani, nawe ukawa unatembea nyuma yangu njia nzima ukiwaambia watu, "Mnaona? Mpagazi kazini." Tukacheka mpaka kwenye behewa.

Begi lile lilikuwa zito upande mmoja, Sikudhani. Drili na betri yake ni kilo moja na robo. Miezi hii nimejaribu kulikumbuka bega langu. Nimejaza begi langu nguo, nikatia kopo la asali la kilo moja na robo, nikatembea nalo uani nikilisikiliza. Majirani walidhani nasafiri. Na kila nikitembea nakaribia kuwa na hakika, halafu nafika kwenye tangi na hakika inaniponyoka.

Kwa sababu kama ilikuwemo, basi ulinibebesha mali yangu mwenyewe, kwa bega langu mwenyewe, kuelekea pwani, Mnyamwezi nikiwa na mzigo na Mzaramo nyuma yangu akicheka, kama miaka ile. Hakuna mtani aliyewahi kumfanyia mwenzake utani mkubwa kuliko huo. Kama ni utani.

Nimekuuliza kwa pembeni, ukanijibu kwa pembeni. Nilikuandikia: hujasahau kitu huku? Ukajibu: "Nimemsahau mpagazi wangu." Nikakaa nalo wiki. Nikakuuliza kazi ya mapazia ikoje huko. Ukajibu: "Kuta za huku laini, mtani, zinatoboka hata kwa maneno." Zinatoboka. Mtu asiye na drili amejuaje kuta zinavyotoboka? Nikakuuliza kama unahitaji chochote kutoka Tabora. Ukaandika: "Wewe je, unakwenda au unarudi?" Sikujibu, kwa sababu sikujua kama ni mzaha wa zamani au ni jibu.

Nikiri nilivyo sasa, ili usije ukasema sikusema. Chaja iko pale pale ukutani. Sijaichomoa. Chaja tupu inakula umeme kidogo sana, nimeupigia hesabu, lakini inakula, na mimi si mtu wa kulisha kitu kisichofanya kazi. Kaka Shija aliiona akaniuliza, "Dada, unachaji nini?" Nikamwambia asubiri. Anasema ninunue drili nyingine niache kuongea na ukuta. Anasema mtani hachukui kimya, kwa hiyo ni wizi, kwa hiyo nisahau. Anavyopanga hoja ni sawasawa, hata mimi ningepanga hivyo. Ila hakuwepo msalaba ukiunganishwa. Alikuwa amekwenda kutafuta gari. Hakukusikia ukimwambia yule baba neno lile.

Asubuhi bado naamka nikingoja salamu. Naketi kitandani na kiatu kimoja. Kisha nakumbuka kwamba sauti ya mwisho kupita mle haikuwa ya mama, ilikuwa yako. Hapo ndipo kila kitu kinapokwama. Kama ulikuwa mtani, basi mama ameniaga kwa mdomo wa mtu mwenye haki ya kumsemea, na ninalo la kushika. Kama ulikuwa unanitoa chumbani ili mkono wako ufike kwenye shelfu, basi hata ile mwangaluka imeibwa, na hiyo sina pa kuinunua nyingine.

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi wa plasta anakuja. Huyu atakuja kweli, anaishi nyuma ya nyumba yangu. Shija anataka chumba cha mama kipangishwe, na hakuna mpangaji atakayekubali tundu linalotazama kitandani kwa mwenye nyumba. Fundi ameniuliza kama aliruke au alizibe. Nimemwambia nitamjibu Jumapili usiku.

Basi sikuulizi tena kwa pembeni, na sikuulizi kama unayo. Nakuuliza kitu kimoja kinachojibika kwa neno moja. Betri ile ikijaa inatoboa mashimo arobaini ya ukuta, na siku ile ilikuwa imejaa, niliichaji mwenyewe asubuhi. Arobaini yameshakwisha zamani, au hujatoboa hata moja. Kariakoo iko karibu nawe, chaja za volti kumi na mbili zimejaa huko. Umeinunulia chaja, au hujainunulia?

Kama umeinunulia, ni yako, uliichukua iwe yako. Andika "ndiyo" tu. Nitakutumia na hii chaja yangu kwa basi, na kisanduku, na biti zako zote, uwe na kitu kizima, nami nisiwe na hata kipande cha kunikumbusha. Fundi ataziba.

Kama hujainunulia, ikiwa imekaa humo ndani imekufa, inangoja mwenyewe aje, andika "hapana," na taja unachotaka niikomboe nacho. Ukitaka kuku nitakuja na kuku. Ukitaka asali nitakuja na ndoo nzima, kilo ishirini na nane, begani, utembee nyuma yangu ukisema utakavyo mbele ya Kisarawe yote. Fundi ataliruka lile tundu, na mpangaji asiyelitaka atatafuta kwingine.

Ukinyamaza nitajua, na safari hii nitajua bila kupima. Betri za aina ile zikikaa muda mrefu bila chaji zinakufa kabisa, hazirudi. Sitaki kungoja mpaka huko.

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Simu yangu itakuwa na chaji, nami nitakuwa nimekaa kitandani, upande wa ukutani. Drili yangu, Sikudhani: inakwenda au inarudi?

Mtani wako mpagazi,
Kabula